Shamba Lililopumzishwa Si Ardhi Tupu

Kikundi cha usomaji kinachotaka kuelewa ugomvi wa ardhi wa Masisi na Walikale, mashariki mwa Kongo, kianze na moto, kisha kije kwenye sheria. Misitu ya mvua ya Walikale ina unyevu mwingi na haishiki moto ovyo. Moto wake mwingi huwashwa na mkulima kwa mpango. Hufyeka, huacha matawi yakauke wakati wa kiangazi, huchoma, kisha hupanda mvua zinaporudi. Majivu hupunguza uchachu wa udongo na kuuongezea potasiamu na kalsiamu, lakini rutuba hiyo haidumu. Baada ya mavuno machache shamba hupumzishwa miaka mingi, vichaka viote na kuurudishia udongo nguvu. Kwa hiyo kila shamba linalolimwa hutegemea mengine kadhaa yanayopumzika, na yote yana wenyewe.

Mbinu ya kunyang'anya ardhi ilipitia kwenye mashamba hayo yanayopumzika. Amri ya tarehe 1 Julai 1885, ya Dola Huru ya Kongo chini ya Mfalme Leopold II, ilitangaza kwamba ardhi isiyo na mtu ni mali ya dola. Haki ya mwenyeji ilionekana penye nyumba na mazao. Kichaka kilichoota juu ya majivu ya mababu kikahesabiwa kuwa utupu. Mwaka 1928 iliundwa Kamati ya Taifa ya Kivu, iliyopewa mamlaka ya kugawa ardhi kwa walowezi wa Kizungu. Kuanzia 1937 hadi 1955 serikali ya kikoloni ya Ubelgiji ikahamisha makumi ya maelfu ya watu kutoka Rwanda hadi Masisi, kwanza Gishari, ili kupunguza msongamano kwao na kupata vibarua wa mashamba ya walowezi. Bila dhana ya ardhi tupu, mpango huo usingekuwa na mahali pa kutua.

Wapo watakaosema kwamba moto kweli unamaliza msitu na kuacha miteremko ya Masisi uchi. Hoja hiyo ina uzito, ila inashika tokeo na kuacha chanzo. Moto huharibu pale muda wa kupumzisha unapofupishwa, na muda hufupishwa pale ardhi inapobanwa. Sehemu kubwa ya milima ya Masisi imekuwa malisho ya ng'ombe ya watu wachache, huku wakulima wengi wakibaki na vipande visivyoweza kupumzishwa. Kumkataza mkulima kuchoma bila kugusa mgawanyo huo ni kumwadhibu kwa ufinyu ambao hakuuleta.

Wengine watahofia kwamba kufukua historia hii kutachochea chuki kati ya Wahunde na Wanyanga, ambao ni wenyeji, na Wanyarwanda, na hofu yao ina msingi: mauaji ya 1993 kati ya jamii hizo yalianzia soko la Ntoto, Walikale. Lakini kumbukumbu zikisomwa zote pamoja, zinaonyesha kwamba mwenyeji na mhamishwaji waliwekwa uso kwa uso na ofisi moja ya kikoloni. Chuki hulishwa na kurasa chache zilizochaguliwa; usomaji kamili huipunguzia chakula.

Kazi ya kikundi basi iwe hii: kuweka mezani amri ya 1885, kisha sheria ya ardhi ya 1973, iliyoifanya ardhi yote kuwa mali ya dola na kuahidi kwamba amri ya rais ingepanga haki za jamii za wenyeji, ahadi iliyokaa miongo bila kutimizwa. Ifuate amri ya 2014, inayoruhusu jamii kupewa na dola haki ya kutumia na kusimamia msitu wa hadi hekta 50,000. Kila andiko liulizwe swali moja: shamba linalopumzika limeandikwa wapi? Wazee wanaojua nani alichoma wapi na lini washiriki katika kuchora ramani ya ardhi ya jamii, maana ramani inayoonyesha mazao peke yake itarudia kosa la 1885 kwa mikono ya wenyeji wenyewe.