Mwandiko Usio na Mkono: Uhakiki wa Herufi za Comic Sans

Aghalabu wahakiki wetu huichukulia herufi kuwa chombo tu: hubeba maneno, lakini yenyewe haisemi lolote. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba dhana hiyo haitoshi. Mfano tutakaouchunguza ni herufi za Comic Sans, zilizobuniwa na Vincent Connare wa kampuni ya Microsoft mwaka 1994.

Chanzo cha herufi hizi ni suala la rejista. Connare alionyeshwa programu ya Microsoft Bob, iliyokuwa ikitayarishwa kwa ajili ya watu wasioizoea kompyuta. Ndani yake alikuwamo mbwa wa katuni aliyezungumza, lakini maneno yake yaliandikwa kwa Times New Roman, herufi zilizoundwa kwa ajili ya gazeti la The Times la London na kuanza kutumika humo mwaka 1932. Connare aliona kuwa haifai mbwa wa katuni kusema kwa sauti ya tahariri. Akaiga mwandiko wa hadithi za picha, zikiwamo Watchmen na The Dark Knight Returns. Herufi zake hazikuwahi kuingizwa katika Bob. Zilitolewa mwaka 1995 katika nyongeza ya Windows 95.

Lawama zilizofuata zilihusu rejista vilevile. Tarehe 4 Julai 2012, huko CERN, karibu na Geneva, mwanafizikia Fabiola Gianotti alieleza ushahidi wa chembe ya Higgs. Wako waliomdhihaki kwa kuwa slaidi zake ziliandikwa kwa Comic Sans. Ukweli wa matokeo yake haukupungua kwa lolote. Kilichowakera ni jambo zito kusemwa kwa sauti ya mchezo. Hapa kosa, kama lipo, ni la uteuzi wala si la herufi. Lugha ya barazani haiwi mbovu kwa sababu mtu ameitumia mahakamani.

Hata hivyo, Comic Sans ina upungufu wake wa ndani. Mwandiko ni alama ya mtu. Mtafiti aliyezoea miswada ya tendi huweza kuutambua mkono wa Muhamadi Kijuma wa Lamu hata pasipo kuliona jina lake. Tena katika mkono wa mtu hakuna "a" mbili zilizo sawa kabisa, hali katika Comic Sans kila "a" ni nakala ya mwenziwe. Basi herufi hizi huahidi ukaribu wa mtu asiyekuwapo. Ahadi hiyo yamfaa mbwa wa katuni, ambaye naye ni wa kubuniwa. Lakini barua ya kumwachisha mtu kazi ikivikwa sura hiyo, uchangamfu wake hugeuka kejeli.

Kwa hiyo mhakiki wa tangazo, barua au kitabu cha watoto hana budi kuuliza, pamoja na kilichosemwa, kimesemwa kwa sauti ya nani. Umbo la herufi ni sehemu ya fani. Kuliacha ni kusoma nusu ya matini.