Ndizi za Gombe na Sura ya Tatu ya Tasnifu

Tasnifu nyingi za vyuo vyetu huwa na Sura ya Tatu inayofanana. Mwanafunzi wa uzamivu anaeleza kwamba alitumia mkabala wa kitaamuli, akateua sampuli lengwa, akagawa hojaji na kufanya usaili. Anataja vitabu viwili vitatu vya mbinu za utafiti, kisha anahamia Sura ya Nne. Msomaji anaambiwa zana zilizotumika, haambiwi kwa nini zilichaguliwa hizo na kuachwa nyingine. Zaidi ya hapo, haambiwi zana zenyewe zilibadili nini katika jambo lililochunguzwa. Swali hilo la mwisho lina historia ndefu ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, katika tasnifu ya Jane Goodall kuhusu tabia za sokwe wa Gombe, iliyompatia shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 1966.

Goodall alifika Gombe, kaskazini mwa Kigoma, Julai 1960. Alitumwa na Louis Leakey, mtaalamu wa asili ya binadamu, ingawa Goodall mwenyewe hakuwa na shahada yoyote. Cambridge ilimpokea mwaka 1962, akasoma chini ya Robert Hinde, mtaalamu wa tabia za wanyama. Kwa hiyo mambo yalikwenda kinyume na utaratibu tunaoujua: data za uwandani zilitangulia, darasa likafuata. Kamati ya leo ya kupitisha mapendekezo ya utafiti isingemwacha apite. Hata hivyo swali lake lilikuwa bayana tangu mwanzo: sokwe asiyefungiwa na mtu anaishije? Swali la aina hiyo haliwezi kujibiwa maabara wala katika bustani ya wanyama. Linadai mtu aende, akae, atazame.

Uamuzi wake wa kwanza ulihusu umbali. Sokwe walikuwa wakimkimbia angali mita mia kadhaa kutoka walipo. Badala ya kuwanyemelea, alichagua kilele kinachotazama mabonde, akawa anakaa hapo na darubini na daftari, amevaa nguo za rangi iliyofifia, zilezile siku zote, mpaka wakamzoea. Mbinu hii ni ya polepole na ina upofu wake, kwa kuwa mtazamaji humwona yule tu aliyejitokeza mahali peupe. Lakini ndiyo iliyozaa matokeo mawili makubwa kabla mwaka 1960 haujaisha. Aliwaona sokwe wakila nyama, akawaona pia wakiingiza vijiti na majani marefu katika vichuguu ili kuvua mchwa, tena vijiti vingine wakivipukusa majani kwanza, yaani wakitengeneza zana. Nguvu ya ushahidi huo ilitokana na jinsi ulivyopatikana. Wakati huo hakuna sokwe aliyekuwa amepewa chakula wala kufundishwa chochote, hivyo hapakuwa na mlango wa kusema kwamba tabia ile imeletwa na binadamu.

Uamuzi wa pili ulikuwa majina. Sokwe wa Gombe waliitwa David Greybeard, Goliath, Flo, Fifi. Cambridge ilimwambia kwamba wanyama hupewa namba, na kwamba kuzungumzia haiba ya kila mmoja si sayansi. Goodall alishikilia majina, na kwa jicho la mbinu alikuwa na hoja. Sokwe mmojammoja alipofanywa kuwa ndicho kipimo cha uchambuzi, ikawezekana kufuatilia ukoo wa Flo kwa miaka na kuona mama analeaje, na nani ananyenyekea kwa nani. Ukimtaja kila mmoja kama “dume mzima” au “jike mzima”, tofauti hizo zinamezwa na wastani.

Hata hivyo jina lina hatari yake: humvuta mwandishi ampe mnyama moyo wa mtu. Goodall alipoandika kwamba Fifi alimwonea wivu mdogo wake Flint wengine walipomkaribia, Hinde alimpinga. Wivu hauonekani kwa macho, alimweleza, nawe huna njia ya kuuthibitisha. Kisha akampa njia ya kutokea: aseme Fifi alitenda kwa namna ambayo, angekuwa mtoto wa binadamu, tungesema ana wivu. Mtu anaweza kuiona kama hila ya maneno, lakini imebeba kanuni nzima ya uandishi wa data. Kilichoonwa kinakaa upande wake, tafsiri inakaa upande wake, na msomaji anaona mpaka uko wapi. Mwanafunzi anayeandika katika matokeo yake kwamba “mhojiwa alikasirika” ajiulize kama alichokiona ni hasira, au ni mtu aliyenyamaza na kuinuka kwenye kiti.

Uamuzi wa tatu ndio wenye mengi. David Greybeard alikuja kambini kula matunda ya mchikichi, akaziona ndizi, akazichukua. Bahati hiyo njema ikageuzwa kuwa mbinu: kufikia 1963 kambi ilikuwa kituo cha kuwalisha sokwe ndizi. Faida ilikuwa kubwa. Wanyama waliokuwa vivuli katika darubini wakaja hatua chache kutoka kwa mwandishi, Hugo van Lawick akawapiga picha na filamu, na maisha ya mama na watoto yakarekodiwa kwa undani. Sehemu kubwa ya tasnifu isingeandikika bila ndizi.

Lakini ndizi zilikusanya pamoja sokwe ambao msituni wangetawanyika, ugomvi ukaongezeka, na nyani nao wakaja kugombea. Mwaka 1964 dume aitwaye Mike alimpindua Goliath kwa kukimbia huku akigonganisha madebe matupu ya mafuta ya taa aliyoyaokota kambini, wenzake wakatawanyika kwa hofu. Debe tupu haliachi kuvuma, na hili lilivuma hadi likabadili utawala. Tukio ni la kweli na linatufundisha akili ya Mike, ila madebe yalikuwa ya watafiti. Hapo zana za mtafiti zimekuwa sehemu ya matokeo, na uchambuzi usiolisema hilo una kasoro.

Kuna pia suala la sampuli. Waliohesabiwa zaidi ni waliokuja kula. Mtafiti anayelipa nauli na posho kwa washiriki wa majadiliano ya vikundi yuko katika hali hiyohiyo: anawapata waliovutwa na posho na walioweza kuifuata. Kulipa si kosa. Kosa ni kuandika matokeo kana kwamba wamejileta.

Tasnifu hii inaeleweka zaidi ikilinganishwa na kazi ya jirani. Mwaka 1965 Toshisada Nishida wa Chuo Kikuu cha Kyoto alianza utafiti wake Mahale, kusini mwa Kigoma, ufukoni mwa ziwa hilohilo. Naye aliwavuta sokwe kwa chakula, hasa miwa. Goodall, aliyekuwa akifuatilia mmojammoja, aliona kwamba kifungo cha kudumu ni kile cha mama na watoto wake, wengine wakikutana na kuachana. Nishida alitoka katika shule ya utafiti iliyouliza jamii ya nyani na sokwe imeundwaje, na mwaka 1968 akachapisha hitimisho jingine: sokwe wana kundi lenye wanachama wanaojulikana na mipaka yake, na kundi moja likifika, jingine huondoka. Chambo kilifanana, mnyama ni yuleyule, majibu yakatofautiana kwa kuwa maswali yalitofautiana. Historia iliyofuata, pamoja na mapigano ya makundi yaliyoshuhudiwa Gombe kuanzia 1974, ilimpa Nishida haki kuhusu mipaka hiyo.

Mapigano hayo yalirudisha kesi ya ndizi mezani. Tayari mwaka 1974 mtafiti Richard Wrangham alikuwa ameonyesha jinsi ulishaji ulivyobadili tabia za sokwe na nyani wa Gombe, na mwaka 1991 Margaret Power akadai kwamba ukatili wenyewe ni zao la ulishaji. Hoja hiyo isingeweza kujibiwa kwa kubishana juu ya Gombe peke yake. Jibu lilihitaji maeneo mengine, na mwaka 2014 watafiti wengi kwa pamoja walichapisha ulinganisho wa jamii 18 za sokwe, zikiwemo zisizowahi kulishwa. Mauaji hayakuonekana kufuata kiwango cha kuingiliwa na binadamu. Goodall alisalimika, lakini ilichukua takriban nusu karne na data za watu wengine.

Gombe yenyewe ilikuwa imebadili mbinu. Ulishaji ulipunguzwa mwishoni mwa miaka ya 1960, ukakoma kabisa mwaka 2000. Nafasi yake ilichukuliwa na kazi ya kumfuata sokwe mmoja msituni tangu anapoamka kwenye kiota chake hadi anapolala. Baada ya wanafunzi wanne kutekwa nyara Mei 1975, kazi hiyo ilibebwa na Watanzania wa vijiji vya jirani, akiwemo Hilali Matama, aliyeshuhudia shambulio la kwanza la mwaka 1974. Kumbukumbu zao waliziandika kwa Kiswahili, na zimo katika msingi wa mojawapo ya tafiti ndefu kuliko zote za wanyamapori duniani.

Hukumu yangu ni kwamba tasnifu ya Gombe ilifaulu kwa sababu mbinu zake zilifuata swali, na iliyumba pale urahisi wa kupata data ulipotangulia. Wasimamizi wa uzamivu waanze kudai aya moja ya ziada katika Sura ya Tatu, inayotaja chambo alichokitumia mtafiti, nani kilimvuta, nani hakikumfikia, na ni matokeo gani yangebadilika kisingekuwapo. Mwanafunzi asiyeweza kuiandika aya hiyo bado hajawa tayari kwenda uwandani.