Kidirisha cha Kuuliza: Jinsi ya Kumtambua Fundi

Ukitaka kujua kama aliyeandika programu ni fundi, achana na rangi na picha. Subiri kidirisha kikuulize jambo, kisha ukatae kujibu: bonyeza Ghairi.

Tuseme karani wa ghala la maharage Heru Juu, Kasulu, ameandikiwa programu ndogo ya kujumlisha kilo kwa JavaScript, lugha iliyozaliwa Netscape mwaka 1995. Amri yake ya prompt, inayofungua kidirisha cha kuuliza, haichanganyi mambo. Ukibonyeza Sawa bila kuandika, hurudisha maandishi matupu. Ukighairi, hurudisha null, yaani jibu halipo. Waliobuni walifikiri vizuri. Kwenye InputBox, kidirisha kama hicho cha lugha ya Visual Basic, yote mawili hurudi kama maandishi matupu, mwandishi akabaki kukisia. Lakini mzembe huharibu hata hicho kizuri: akiipitisha null kwenye Number, amri ya kugeuza jibu kuwa namba, anapata 0. Mkulima kaghairi kupima, daftari linasema kaleta kilo sifuri!

Sasa weka 50, kisha 7. Ukiona jumla ni 507, usiendelee. Prompt hurudisha maandishi hata ukiandika tarakimu, na alama ya kujumlisha ikikutana na maandishi huyaunganisha tu. Jaribu pia 62,5 kwa mkato: Number itatoa NaN, yaani si namba. Programu nzuri hapo huuliza tena, na hukuachia ulichoandika ukirekebishe. Prompt ina sehemu ya pili, ya maandishi ya kuanzia, inayofaa kwa kazi hiyo, wengi hawaigusi.

Namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, ndiyo kipimo changu kikali. Ina tarakimu 20, nane za mwanzo zikiwa tarehe ya kuzaliwa, nayo huandikwa kwa vistari katikati. Kidirisha kinachogomea vistari kinambebesha mzee wa watu kazi ambayo mashine ingeimaliza kwa mstari mmoja wa msimbo.

Hata menyu ya kitochi ipimwe hivyo. Ujumbe mmoja wa menyu za aina ya *150*00#, ile ya M-Pesa, hauzidi herufi 182, lakini kabla pesa haijaondoka unaliona jina la anayepokea. Nafasi finyu, imetumika panapostahili. Swali la "Una uhakika?" lisilotaja jina wala kiasi halimlindi mtu, watu hulibonyeza bila kusoma. Ukilikuta kwenye programu unayotaka kununua, dai libadilishwe kabla hujalipa.