Shukrani za Aliyefeli: Maadili na Utabaka katika "Mwalimu Mstaafu"

Hadithi fupi inayomhusu mwalimu humfikia mhakiki ikiwa kama imekwisha kufasiriwa. Mwalimu ni kielelezo cha maadili, wanafunzi ni mavuno yake, na funzo halihitaji kutafutwa. "Mwalimu Mstaafu" ya Dumu Kayanda, iliyomo katika mkusanyiko wa Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine uliohaririwa na Alifa Chokocho na Dumu Kayanda mwenyewe (Longhorn, 2016), ni rahisi kusomwa hivyo, hasa darasani, kwani mkusanyiko huo ulipata kutahiniwa katika KCSE. Tunashikilia kwamba usomaji huo huficha sehemu nzito kuliko zote za hadithi, na kwamba msomaji wa Malindi na Kilifi ana sababu zake za kutoridhika nao.

Tukio kuu ni sherehe ya kumuaga Mwalimu Mosi. Waliofaulu wamekuja na sifa na zawadi. Jairo hakufaulu, ni fukara, wala hatazamiwi kusema. Mosi mwenyewe ndiye anayesisitiza apewe nafasi. Maneno yake yanaitia sherehe dosari: badala ya kushukuru, anamlaumu mwalimu kwa kumtia moyo, yaani kwa kumpa matumaini ambayo maisha hayakuyatimiza. Kisha, kwa kuwa hana mali ya kutunza, anamtoa mkewe na mabinti zake.

Ni rahisi kumhukumu Jairo kwa mwenendo wake na kufunga kitabu. Lakini lawama yake ina mantiki ambayo wenye zawadi hawawezi kuijibu. Mtihani ni chujio. Hata kama darasa zima lingejitahidi, wote wasingepita, kwa sababu nafasi za mbele ni chache kuliko watoto. Kwa hiyo nasaha ya "jitahidi, utafaulu" ni kweli kwa mmoja mmoja na ni uongo kwa darasa. Mwalimu mwema huitoa kwa wote, na wema wake ndio unaofanya uongo huo uaminike. Sherehe nayo huhesabu waliopita tu. Aliyefeli hana hesabu, ila akisimama kusema.

Hatudai kwamba hadithi hii ni ya Kilifi. Hata hivyo, tuisome huko. Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908 iliwaacha Wamijikenda wengi wa ukanda wa pwani wakiwa maskwota katika ardhi waliyoilima, na hoteli za Malindi zimejengwa karibu na watu wasio na hati. Kufutwa kwa ada ya shule za msingi mwaka 2003 kuliwaingiza watoto wengi darasani. Hakukuwapa wazazi wao shamba. Kweli, ualimu umewahi kuwa ngazi: Ronald Ngala, mwandishi wa Nchi na Desturi za Wagiriama (1949), alitoka darasani akafika uongozi wa KADU. Ila ngazi hupandwa na mmoja mmoja, na jina la aliyefika juu ndilo hutajwa shuleni.

Hapa Katama Mkangi, mzaliwa wa Ribe na msomi wa elimujamii, anafaa kulinganishwa. Katika Walenisi (1995) anampeleka Dzombo kwenye nchi ambayo usawa wake ni mpango wa jamii, wala hautegemei huruma ya mtu. Riwaya hiyo ina uhubiri mwingi, tena wakati mwingine wa kuchosha, lakini inauliza swali ambalo "Mwalimu Mstaafu" inalikaribia tu. Kayanda anautegemea moyo wa Mosi. Moyo huo ni mkubwa, nao ndio unaompa Jairo nafasi ya kusema. Kubadili chujio hauwezi.

Zawadi ya Jairo inahitaji ukali zaidi. Kuiita kejeli hakutoshi. Mtu aliyenyimwa kila kitu bado ana watu wa kuwatoa, na utabaka anaoulalamikia anauendeleza nyumbani kwake: uamuzi ni wake, mke na mabinti ni kitu kinachokabidhiwa. Anayeifundisha hadithi hii Ganze au Magarini atakuwa na wasichana mbele yake, na huenda wao wasianze na Mosi wala Jairo. Wataanza na mabinti: nani aliwauliza?