Umeme wa Hale ulianzia kwenye korona

Jani la mkonge likipita kwenye korona, yaani mashine ya kukamua majani, singa (nyuzi ndefu) inayopatikana ni takriban asilimia 4 tu ya uzito wake. Yanayobaki, yaani utomvu, nyama ya jani na nyuzi fupi, mashamba ya Tanga yameyamwaga tangu enzi za Wajerumani. Rundo la mabaki hayo likioza bila hewa hutoa methani, na utomvu wake wenye asidi ukifika mtoni huua samaki.

Kampuni ya mkonge ya Katani, ikisaidiwa na UNIDO, shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda, ilijenga Hale, wilayani Korogwe, mtambo wa majaribio wa kugeuza mabaki hayo kuwa umeme. Ulizinduliwa mwaka 2008.

Sifa nyingi hupewa tangi la gesi, ambamo mabaki huozeshwa bila hewa ili kupata methani. Kwangu, ufundi wenyewe uko kabla ya tangi. Korona ya kawaida hutumia maji mengi mno: kwa kila tani ya singa hutoka takriban mita za ujazo 100 za maji machafu. Makapi yakilowa kiasi hicho, tangi hulazimika kuwa kubwa ajabu, kwani nafasi yake huliwa na maji yasiyozaa gesi yoyote. Anayepunguza maji koronani amepunguza gharama ya tangi, ya pampu na hata ya kusafirisha tope linalobaki tangini.

Halafu kuna asidi. Vijidudu vinavyolainisha makapi huivumilia, lakini vile vinavyotengeneza methani hudhoofika ikizidi, na gesi hukatika. Dawa yake ni kuyachachusha makapi kwanza katika tangi la pembeni, kisha kulilisha tangi la gesi kidogo kidogo, kila siku. Nyuzi fupi nazo huelea, hujisokota na kuziba pampu, hivyo sharti zikatwekatwe mapema. Kazi hii inataka fundi makini asiyebanduka, na mashamba yanayonunua mitambo bila kumfundisha mtu huyo yanatupa fedha.

Gesi huendesha jenereta, na tope linalobaki, lenye naitrojeni na potasiamu, hurudi shambani kuwa mbolea. Mkonge una neema nyingine: huvunwa mwaka mzima, tofauti na miwa yenye msimu, kwa hiyo tangi halikosi chakula.

Shamba linalotaka kufuata njia hiyo lisianze kwa kuagiza tangi. Lifunge mita kwenye bomba la maji yanayoingia koronani, liisome kwa mwezi mzima, ndipo limwite mhandisi.