Kazi Nne, Meza Moja

Julai na Agosti shule zikifungwa na barabara zikikauka, mji wa Kirungu nchini Kongo huingia msimu wa sherehe. Ndugu hufika kwa boti kutoka Kalemie, wakapanda huku juu kutoka bandari ya Moba. Ndiyo maana fundi wa montaji ya video niliyeketi naye hana kazi moja mezani. Ana nne: ndoa, upadrisho, ubatizo wa mapacha, na matanga ya mzee mmoja. Familia nne zinasubiri, na kompyuta ni moja.

Kadi za kamera haziingizi zote kwa pamoja. Huchukua bahasha ya familia moja, huandika daftarini sherehe, tarehe, idadi ya kadi na kamera iliyopiga. Kisha hunakili kila kitu kwenye diski mbili, ya kazi na ya akiba. Hulinganisha idadi ya mafaili na uzito wake, halafu hufungua machache, ya mwanzo, ya katikati na ya mwisho, kuhakikisha yanacheza. Saa moja ya video iliyorekodiwa kwa megabiti 50 kwa sekunde hula gigabaiti 22 na zaidi, kwa hiyo kishawishi cha kufuta kadi mapema ni kikubwa. Yeye hazifuti. Anazirudisha kwenye bahasha na kuifunga.

Halafu yanakuja majina. Kamera nyingi huyapa mafaili namba tu, na kadi mpya ikiwekwa, namba huanza tena zilezile. Programu ya montaji nayo haibebi picha ndani ya mradi. Inakumbuka tu mahali zilipo. Mwenye pupa akihamisha folda na kuunganisha upya bila kutazama, bibi harusi anaweza kutokea katikati ya matanga. Kwa hiyo kila faili linapewa jina jipya kabla halijaguswa: sherehe, tarehe, kamera, namba. Ni kazi ya kuchosha, na fundi anaifanya kwa utulivu uleule kutoka faili la kwanza hadi la mwisho.

Zamu ya kila kazi inapangwa na jua. Adhuhuri, paneli zikiwa na nguvu, kompyuta hutengeneza nakala nyepesi za kukatia au hutoa filamu iliyokamilika. Mashine ikiwa imeshikwa hivyo, yeye hageuki mvivu: hufungua daftari la kazi nyingine na kupanga mfuatano wake. Usiku, kwa betri, hufanya yaliyo mepesi. Hutazama picha zote za kazi moja bila kukata chochote, akiandika dakika na sekunde: hapa shangazi anacheka, hapa kipaza sauti kimekatika.

Video iliyopigwa na mjomba mmoja kwa simu inampa kazi ya ziada. Kamera hupiga picha 25 kwa sekunde bila kuyumba. Kwenye simu idadi hiyo hupanda na kushuka, na baada ya dakika kadhaa midomo na sauti haviendi pamoja. Kwanza anaigeuza iwe na mwendo mmoja. Kisha anatafuta mlio mkali, kofi au ngoma, anaoanisha vilele vya sauti, na kukagua tena mwishoni mwa kipande.

Upadrisho ndio unaodai uangalifu mkubwa kuliko zote. Mji huu, wakati huo ukiitwa Baudouinville, ndipo Stefano Kaoze alipopewa upadri mwaka 1917, Mkongo wa kwanza kuwa padri katika Kongo ya Wabelgiji, na waumini wanaijua ibada hatua kwa hatua. Shemasi analala kifudifudi wakati wa litania. Fundi anapunguza urefu, lakini hageuzi mfuatano. Askofu anapomwekea mikono, kisha mapadri mmoja mmoja, ibada inataka kimya. Mwingine angemwaga muziki hapo. Yeye anaacha sauti ya nyayo na kikohozi kimoja cha mbali.

Kabla ya kuhamia kazi nyingine, haondoki hivi hivi. Anaandika alipofika, kilichobaki, na kitu cha kwanza cha kufanya akirudi. Anahifadhi, anafunga mradi, anasimama kidogo nje. Nadhani humo ndimo ustadi wake ulimo: akifungua matanga, harusi imekwisha kutoka masikioni mwake. Anachagua mikato mirefu, anamwacha mjane amalize sentensi yake.

Filamu ikiwa tayari, huiita familia waitazame yote. Wao ndio wanaosahihisha jina la bibi lililokosewa herufi. Akisharekebisha na kukabidhi, ndipo anapofuta kadi na kupiga mstari daftarini. Familia ya nne, iliyongoja kuliko zote, haipewi mabaki ya uangalifu. Bahasha yake inafunguliwa kama ya kwanza: jina la sherehe, tarehe, idadi ya kadi.