Jinsi Superman alivyopewa mwisho

Superman alianza kuchapishwa mwaka 1938, na tangu hapo wenye mali hawajamruhusu kufika mwisho. Mwaka 1992 wachapishaji wake, DC Comics, walimuua kwa kishindo, magazeti yakaandika, watu wakapanga foleni madukani. Mwaka uliofuata alikuwa hai tena. Msomaji wa katuni hizi za kila mwezi hujifunza mapema kutoomboleza.

Mfululizo wa All-Star Superman uliwekwa nje ya mkondo huo. Grant Morrison aliandika, Frank Quitely akachora, wote watu wa Glasgow, na Jamie Grant akatia rangi. Matoleo 12 tu, kati ya mwaka 2005 na 2008, kisha basi. Ndiyo maana toleo la 12 linafaa kuchambuliwa kama kazi ya ufundi: hapa mwisho ni mwisho kweli. Nalipima kwa swali moja. Je, mwisho huu umejengwa kwa vitu tulivyokwisha kupewa, au mwandishi alipokwama alichomoa kipya mfukoni?

Deni linaanza toleo la kwanza. Leo Quintum, mwanasayansi, ameongoza msafara wa kwenda kwenye jua, na Lex Luthor, adui mkuu wa Superman, amepandikiza humo kiumbe mwenye umbo la mtu ambaye ni bomu. Superman anawaokoa wote, lakini kwa kulikaribia jua mno anafyonza nishati kupita kiasi. Nguvu zake zinaongezeka, na seli zake zinaanza kufa. Basi tangu kurasa za mwanzo tunajua jua ndilo linalomuua, na Luthor ndiye aliyelituma. Mambo hayo mawili lazima yamalizwe, na toleo la 12 linayamaliza yote, kila moja kwa njia yake.

Luthor kwanza, maana hapo ndipo ufundi ulipo. Amekunywa dawa inayompa nguvu za Superman kwa saa 24. Dawa ya namna hiyo tuliiona zamani: katika toleo la 2 Superman anamwandalia mpenzi wake Lois Lane zawadi ya siku ya kuzaliwa, na toleo la 3 lote ni siku ya Lois akiruka angani. Msomaji anakumbuka kwamba saa zikitimu, nguvu zinaisha. Morrison hahitaji kueleza sheria za mchezo katikati ya pigano, kwa sababu alizieleza miaka miwili kabla, tena ndani ya hadithi ya mapenzi ambako hakuna aliyeshuku kuwa anaandaliwa kitu.

Kisha anakuja Clark Kent, yaani Superman mwenyewe katika sura yake ya mwandishi wa habari, na bunduki ya uvutano. Uvutano unapinda muda, na muda wa Luthor unakwenda mbio hadi dawa inamwishia. Tazama nani anatumia nini. Luthor, anayejisifu kuwa na akili kuliko wanadamu wote, amekuja na misuli. Superman, anayedharauliwa kuwa ni misuli tu, anashinda kwa hesabu.

Lakini kilichonifanya nilithamini toleo hili ni hatua inayofuata. Dakika za mwisho za dawa, Luthor anaanza kuona kama Superman anavyoona: jinsi kila kitu kilivyoshikamana na kingine, hadi chembe ndogo kabisa. Analia. Katika toleo la 5, Clark alipomhoji gerezani, Luthor alikuwa na jibu kwa kila kitu na hakumtambua mtu aliyekaa mbele yake. Sasa anamwona. Superman anamwambia kwa ufupi kwamba kama angetaka kuiokoa dunia, angekwisha kufanya hivyo miaka mingi iliyopita. Sentensi hiyo inamwangusha kabla ya ngumi. Mwandishi mvivu angeanza na ngumi.

Kasoro ipo, nayo iko mwanzoni. Toleo la 11 linaishia Clark akianguka ofisini mwa gazeti lake, Daily Planet. Ukifungua la 12 unajikuta Krypton, sayari alikozaliwa Superman, naye akizungumza na baba yake Jor-El. Kurasa hizo zina kazi: zinatuandaa kuamini kwamba mwili wake unageuka nishati, ili safari ya mwisho isitushtue. Ila zinafanya kazi hiyo kwa maneno mengi, katika mfululizo ambao ukurasa wake wa kwanza kabisa ulisimulia asili yote ya Superman kwa fremu 4 na maneno 8 tu. Aliyeweza lile hakuwa na sababu ya kutuhutubia hapa.

Linabaki deni la pili, jua. Limetiwa sumu na Solaris, jua bandia lenye akili na uovu, na Superman, akiwa sasa karibu mwanga mtupu, anambusu Lois na kuruka kwenda kulitibu. Chanzo cha kifo kinakuwa mahali pa kazi. Baadaye Lois anakataa kusema mpenzi wake amekufa. Yuko juu anafanya kazi, akimaliza atarudi. Quitely anatupa ukurasa mzima wa Superman ndani ya jua, akiwa kazini. Rangi za Jamie Grant zinabeba picha hiyo. Kwa mistari mitupu ya Quitely, ambaye hupenda kuacha nafasi wazi, joto lile lisingekuwepo.

Wasomaji wengi wangetaka kitabu kifungwe hapo. Hakifungwi. Unafuata ukurasa wa Quintum mbele ya mlango wenye nembo ya Superman, ndani yake namba 2. Nimesikia ukilaumiwa kuwa ni mlango wa biashara, wa kuacha nafasi ya kuendelea. Sikubaliani, kwa sababu Quintum ndiye aliyeokolewa toleo la kwanza kwa gharama ya uhai wa mwokozi wake. Mtu huyo kutafuta namna ya kuendeleza kazi ile ni haki yake, na hadithi ingebaki na pengo bila yeye. Ninachokosoa ni mpangilio: ningeuweka mlango kabla ya jua. Quintum analipa deni la hadithi, Lois anashika imani yake, na imani ya Lois ilistahili ukurasa wa mwisho.